Mvua ya Mlali Iandikweje? Mwongozo wa majina sanifu ya data za hali ya hewa na setilaiti

Tanzania ina Mlali zaidi ya moja. Ipo ya Mvomero, mkoani Morogoro, chini ya safu ya Uluguru upande wa magharibi, bonde la nyanya na mboga ambamo barabara ya kupanda Mgeta hupitia. Ipo pia ya Kongwa, mkoani Dodoma. Kondakta hachanganyi, kwa sababu anajua amesimama stendi gani. Kompyuta haisimami stendi yoyote. Ukiipa jedwali lenye safu mbili, moja imeandikwa "Mlali" na nyingine "mvua", itapokea bila kuuliza na itakupa jibu, na jibu hilo linaweza kuwa la Dodoma.

Makala haya yanawahusu wote wanaokusanya au kutumia takwimu za hali ya hewa: mwanafunzi wa SUA au Mzumbe anayeandika tasnifu, afisa ugani, mhaidrolojia wa bodi ya bonde, mwalimu wa jiografia mwenye kipimamvua uani mwa shule. Jambo lenyewe ni dogo na halina mvuto: ni jina unaloliandika juu ya safu ya namba. Lakini hapo ndipo kazi nyingi huharibika, na huharibika kimya kimya, kwa sababu namba yenye jina bovu hufanana kabisa na namba nzima.

Mvua moja, faili nne

Tuseme unataka kujua masika ya mwaka fulani yalikuwaje Mlali, miezi ya Machi hadi Mei. Vituo vya kupimia ni vichache, kwa hiyo unaingia kwenye data za setilaiti na za mifumo ya kompyuta, ambazo leo hupatikana bure. Unapakua CHIRPS, inayotayarishwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kwa kushirikiana na idara ya jiolojia ya Marekani. Inaanzia mwaka 1981, na kila mraba wake ni kama kilomita 5.5 kwa upana. Humo mvua inaitwa precip, kwa milimita kwa siku. Unapakua IMERG ya NASA, iliyotokana na mradi wa setilaiti ya GPM iliyorushwa Februari 2014. Humo inaitwa precipitation, kwa milimita kwa saa. Unachukua ERA5 ya kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF. Humo inaitwa tp, kwa mita. Mwisho unafungua faili ya makadirio ya tabianchi ya miaka ijayo, unakuta pr, kwa kilogramu kwa mita ya mraba kwa sekunde.

Zote nne ni mvua. Ukizichora kwenye grafu moja bila kusoma kilichoandikwa chini ya jina, utapata mistari minne ambayo haijuani.

Hesabu zenyewe si ngumu. Kilogramu moja ya maji ikimwagwa kwenye mita moja ya mraba hufanya kina cha milimita moja, kwa hiyo pr ya 0.00005 ukiizidisha kwa sekunde 86,400 za siku unapata milimita 4.32. tp ya 0.012 ni milimita 12, siku ya mvua ya kueleweka, ingawa asiyejua kwamba ni mita ataiona ni sifuri. IMERG ndiyo mtego wenyewe. Faili zake za msingi ni za kila nusu saa, lakini namba iliyomo ni kasi kwa saa nzima. Mtu akizijumlisha zote 48 za siku moja bila kugawanya kwa mbili, Mlali inapata mvua mara mbili ya iliyonyesha. Grafu itapendeza, vilele vitakaa mahali pake, na hata msimamizi wa tasnifu anaweza asigundue. ERA5-Land, ndugu yake ERA5, ina lake: mvua ya kila saa imejumlishwa tangu mwanzo wa siku, kwa hiyo anayejumlisha saa zote 24 anahesabu tone lile lile tena na tena.

Kosa la kizio likikuzidishia namba mara elfu utaliona. Linalozidisha mara mbili ndilo la kuogopa.

Jedwali la majina sanifu

Dawa yake ipo, na ina zaidi ya miaka 20. Mwaka 2003 wataalamu wa maabara na vyuo vya Marekani na Uingereza walitoa toleo la kwanza la kanuni zinazojulikana kwa kifupi kama CF, yaani kanuni za data za tabianchi na utabiri. Zilitungwa kwa ajili ya faili za NetCDF, ambazo hubeba namba pamoja na maelezo yake. Sehemu inayotuhusu hapa ni jedwali la majina sanifu, ambalo sasa lina maelfu ya majina. Kila jina lina tafsiri yake iliyoandikwa kwa sentensi kamili na kizio chake cha msingi.

Jambo ambalo wengi hawalipati mapema ni kwamba jina sanifu si jina la safu. Safu unaweza kuiita mvua, precip, au mvua_shule. CF haikukatazi, mradi uanze na herufi na uepuke nafasi na alama za ajabu. Jina sanifu linakaa ndani, kwenye sifa ya safu hiyo inayoitwa standard_name, na programu husoma hapo kujua kitu hicho ni nini hasa.

Majina yenyewe huandikwa kwa herufi ndogo, namba na mistari ya chini tu, na yamejengwa kwa mpangilio. Katikati kuna kitu kinachopimwa. Kiambatanishi at husema ni kwenye uso gani, in husema ni ndani ya nini, due_to husema kimesababishwa na nini, assuming husema kwa sharti gani. Ukishazoea, jina refu kama tendency_of_air_temperature_due_to_convection halikutishi: ni badiliko la joto la hewa lililoletwa na hewa inayopanda.

Kwa mvua, mzigo wote umebebwa na maneno machache. Amount ni uzito wa maji kwa eneo, kilogramu kwa mita ya mraba. Thickness ni kina cha maji, mita au milimita. Rate ni kasi ya kina hicho kuongezeka. Flux ni uzito kwa eneo kwa muda. Kwa hiyo pr ya mifumo ya tabianchi ni precipitation_flux. Kina kilichopimwa kwenye kipimamvua ni thickness. Ukimwona mtu ameita jumla ya mwezi rate, au kasi ya saa amount, usitumie faili lake kabla hujamuuliza.

Na usidhani wakubwa hawakosei. Kuna seti moja ya mvua inayotumika sana Afrika ambayo kwenye sehemu ya jina sanifu imeandikwa maneno matatu yenye nafasi kati yake, yakimaanisha kasi ya mvua ya mawingu yanayopanda kwa joto. Nafasi haziruhusiwi, na namba zilizomo ni za mvua yote, siyo ya aina hiyo peke yake. Namba ni nzuri. Lebo ndiyo imekosewa. Kwa hiyo soma lebo, kisha soma pia maelezo ya watayarishaji.

Kipimamvua cha Mlali kiitweje?

Hapa inafaa tukae kidogo. Una kipimamvua, unasoma kila asubuhi, unaandika milimita. Jina sanifu ni lipi?

La haraka ni thickness_of_rainfall_amount, kina cha mvua ya maji. Lakini kwenye miinuko ya Uluguru mvua ya mawe si ngeni. Mawe yakiingia kwenye kipimamvua huyeyuka, na ukisoma asubuhi unayasoma kama maji. Chombo chako hakitofautishi. Rainfall katika jedwali ni maji ya mvua tu. Precipitation ni chochote kinachodondoka kutoka mawinguni, kiwe maji, mawe au theluji. Kwa sababu hiyo mimi ningechagua lwe_thickness_of_precipitation_amount, ambapo herufi lwe mbele zinasema kwamba kila kilichodondoka kimehesabiwa kama maji. Ni jina refu na halitamkiki, lakini ndilo la kweli. Kanuni ninayoifuata ni kuita kile ambacho chombo kiliona, hata kama mpimaji alikusudia kingine.

Ukungu ni suala jingine. Juu ya Mlali, kwenye misitu ya Uluguru, miti hunasa ukungu na kuudondosha chini kama matone. Maji hayo yanaingia mtoni, lakini kipimamvua cha bondeni hakiyaoni, na setilaiti haiyaoni pia. Ukiweka chombo chini ya mti ukapima matone hayo, usiyaite precipitation kwa sababu tu yameanguka.

Kisha taja muda. "Milimita 18" ya nini? CF ina sifa iitwayo cell_methods inayosema namba imepatikanaje: jumla ya kipindi huandikwa sum, wastani mean, ya juu kabisa maximum, ya chini kabisa minimum. Faili la kipimamvua chetu linaweza kuwa hivi:

float mvua(wakati) ;
mvua:standard_name = "lwe_thickness_of_precipitation_amount" ;
mvua:long_name = "Mvua ya saa 24, kipimamvua kusomwa saa 3 asubuhi, Mlali, Mvomero" ;
mvua:units = "mm" ;
mvua:cell_methods = "wakati: sum" ;
mvua:_FillValue = -9999.f ;

Mstari wa mwisho ni wa siku ambazo hakuna aliyesoma. Siku isiyosomwa haiwi sifuri, maana sifuri ni habari: hakukunyesha. Na ukiandika -9999 bila kuitangaza kama alama ya pengo, programu itaiingiza kwenye wastani na utapata mvua hasi, au mbaya zaidi, mvua ndogo inayoaminika.

Unaweza kuona pia kwamba Kiswahili kimo. Sifa ya long_name ni ya binadamu, haina jedwali wala sheria, na inapokea lugha yoyote. Sioni sababu data ya Mlali iandikwe long_name ya Kiingereza cha kubahatisha wakati atakayeisoma kwanza ni afisa wa kata. Jina sanifu lenyewe ndilo la kuliacha lilivyo, herufi kwa herufi. Ukilitafsiri linakufa, kwa sababu programu haitalitambua.

Saa tatu ya nani?

Vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husoma mvua ya siku saa 3 asubuhi, ambayo kwa saa ya dunia, UTC, ni 06:00. Siku ya ERA5 huanza 00:00 UTC, na hiyo kwetu ni saa 9 usiku. Mvua iliyosomwa Jumanne asubuhi, kati ya saa zake 24, saa 18 ni za Jumatatu ya UTC. Mtu akiilinganisha na Jumanne ya ERA5 atasema ERA5 haifai, kumbe anashindanisha siku mbili tofauti.

Andika mwanzo na mwisho wa kipindi, usiandike tarehe peke yake. Kwenye faili, wakati huhesabiwa kama siku au saa tangu tarehe fulani, mfano "days since 1981-01-01 06:00:00", na mipaka ya kila kipindi huwekwa kwenye sifa ya bounds. Epuka kuhesabu kwa miezi: programu nyingi za vizio huchukua mwezi kuwa sehemu moja ya kumi na mbili ya mwaka, siku 30 na ushee, na huo si Februari wala Machi. Kwenye daftari la mkononi pia, "saa 3" iandikwe "saa 3 asubuhi", kwa sababu atakayeingiza kwenye kompyuta anaweza kuandika 03:00.

Mahali nako kuna majina sanifu, latitude na longitude, na vizio vyake ni degrees_north na degrees_east. Mlali yetu iko karibu nyuzi 7 kusini na 37.5 mashariki. Kusini ni hasi. Ukisahau alama ya kutoa, umehamia kusini mwa Ethiopia, jirani na mji wa Sodo. Ukiiweka alama lakini ukabadilisha nafasi za namba mbili, umeangukia mkoa wa Huelva nchini Hispania. Kote huko mvua hunyesha, kwa hiyo hakuna tahadhari itakayolia. Ongeza na surface_altitude, mwinuko wa ardhi kwa mita, kwa sababu kutoka Mlali kwenda Mgeta unapanda mlima, na mraba wa ERA5 wenye upana wa kilomita kama 28 unaweza kumeza bonde na mlima kwa pamoja, pengine na kipande cha upande wa mashariki wa Uluguru ambako mvua ni nyingi zaidi.

Joto, upepo, mto

Kwa joto, tofauti kubwa ni kati ya hewa na ardhi. Kipimajoto kilichomo kwenye kibanda cheupe cha kituo hupima hewa kwenye urefu wa kama mita moja na nusu hadi mbili. Hiyo ni air_temperature, na urefu huo utajwe. Setilaiti kama Terra na Aqua, zenye chombo cha MODIS, hupima joto la uso wa ardhi, surface_temperature. Mchana wa jua, shamba lililolimwa na kuachwa wazi linaweza kupita nyuzi 45 wakati hewa juu yake iko 31. Afisa ugani akiichukua ya setilaiti akawaambia wakulima wa nyanya kwamba joto limefika 45, atawatisha bure. Meteosat nayo hutoa toa_brightness_temperature, joto la mnururisho kama linavyoonekana kutoka juu ya angahewa. Mawingu yakitanda, hilo ni joto la vilele vya mawingu. Kutokana na ubaridi wa vilele hivyo ndipo TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading hukadiria mvua ya Afrika.

Joto la faili hizi mara nyingi ni Kelvini. Ukiona 300, toa 273.15.

Upepo unataka utulivu. Mabaharia wetu huita upepo kwa unakotoka: kusi hutoka kusini. Jedwali lina wind_from_direction kwa namna hiyo hiyo, na lina wind_to_direction kwa kinyume chake, kwa hiyo neno "mwelekeo" peke yake halitoshi kamwe. Lakini ERA5 na wenzake hugawa upepo katika vipande viwili, eastward_wind na northward_wind, na hivi huhesabiwa kwa unakokwenda. Kusi likivuma, northward_wind huwa chanya. Nimeona wenye akili zao wakiisoma chanya hiyo kama kaskazi.

Mto Mlali ni mmoja wa mito inayopeleka maji bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro unalitegemea. Kijiti cha kupimia kina kando ya mto hutoa urefu wa maji juu ya alama fulani. Mtiririko, water_volume_transport_in_river_channel, ni mita za ujazo kwa sekunde na hupatikana kwa kukokotoa. Usiite kimoja kwa jina la kingine. Kwa unyevu wa udongo, angalia kama ni uzito wa maji kwenye tabaka, mass_content_of_water_in_soil_layer, au sehemu ya ujazo, volume_fraction_of_condensed_water_in_soil, na kila mara taja kina cha tabaka. Kwa ukijani wa mimea lipo normalized_difference_vegetation_index. Ukikuta MODIS inasema 6500, zidisha kwa 0.0001 upate 0.65.

"Juu ya wastani" nayo haina maana bila kutaja wastani wa miaka ipi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani sasa hutumia 1991 hadi 2020. Iandike.

Likikosekana jina

Kabla ya yote, kwa faili ulilopewa na mtu, tumia amri ya ncdump -h usome kichwa chake chote bila kufungua namba. Dakika tano hizo zinaokoa mwezi.

Kwa faili lako, tafuta jedwalini kwa neno la kitu, kisha soma tafsiri yake hadi mwisho. Majina mengi yanafanana usoni na hutofautiana kwenye sentensi ya pili ya tafsiri. Jina likikaa, litumie. Likikaribia tu, liache. Kanuni zinakuruhusu kabisa kutokuweka standard_name. Faili lenye long_name nzuri na kizio sahihi bila jina sanifu ni salama, ilhali lenye jina sanifu la kulazimisha linadanganya kila programu itakayoligusa. Usitunge pia jina lako ukalivisha mistari ya chini ili lifanane na ya jedwali.

Jina jipya huombwa. Unapeleka jina unalopendekeza, tafsiri yake na kizio, na mjadala uko wazi kwa yeyote, awe wa Reading au wa Morogoro. Utaulizwa maswali ya kuchosha: umepima juu ya nini, ndani ya nini, kwa muda gani. Majina hubadilishwa mara moja moja, lakini la zamani halifutwi, hubaki kama lakabu ya jipya, kwa hiyo faili la mwaka 2005 bado linasomeka. Kwa yale matone ya ukungu chini ya miti ya Uluguru, anza leo na long_name ya Kiswahili, milimita, aina ya mti, ukubwa wa chombo na saa ya kusoma. Jina sanifu likipatikana baadaye, ni mstari mmoja wa kuongeza.